Je, Spika za Bei Kubwa Hutoa Sauti Bora Zaidi?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo lililoleta mabishano makubwa katika Umoja wetu tangu lilipoletwa pendekezo la kuchangishana fedha ili tununue spika mpya za bwalo. Wako wanaosema tununue za bei ya juu kabisa, maana kitu rahisi humgharimu mnunuzi mara mbili. Wako wanaosema spika ni spika. Kwa kuwa mabishano haya haya yamo majumbani mwetu kila mtu anaposimama mbele ya duka na fedha mkononi, nitaanza na spika za nyumbani, kisha nitarudi bwaloni.

Ili asiyependa kungojangojeshwa asisinzie, natoa jibu langu mapema. Fedha hununua sauti bora mpaka kiwango fulani, na kiwango hicho kiko chini kuliko wauzaji wanavyotaka tuamini. Ukishakifikia, shilingi unayoiongeza hununua zaidi ukubwa wa boksi, jina, na heshima ya sebuleni. Sauti iliyobaki huipati dukani. Unaipata chumbani mwako mwenyewe, tena aghalabu bila malipo.

TULIKOTOKA

Wazee waliomo humu wanakumbuka wakati redio moja iliposikilizwa na kitongoji kizima. Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951. Redio nyingi zilizofika vijijini Handeni na Korogwe baada ya Uhuru zilikuwa za betri, na mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam kilichotengeneza betri na redio za National. Spika iliyokuwa ndani ya redio za aina hiyo ilikuwa na upana wa kiganja tu. Hata hivyo mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini kote walikaa katika vikundi, wakasikiliza vipindi, wakajadiliana, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Spika ya kiganja ilitosha kabisa. Sababu yake ni kwamba maneno ya binadamu yanaeleweka vizuri katika masafa ya hezi 300 hadi 3,400 hivi, ambayo ndiyo masafa yaliyochaguliwa kwa simu, na spika ndogo huyatoa bila taabu.

Muziki ndio uliotutia tamaa. Mjini Tanga zilikuwepo bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na upande wa taarabu Black Star na Lucky Star. Nyimbo zao zilifika bara kwetu kwa redio ile ile. Gitaa la besi lilikuwemo ndani ya wimbo, lakini spika ya kiganja haikuweza kulitoa. Wazee wetu walikuwa wakilikisia tu na kulijazia wenyewe kichwani. Mtu aliyekwenda Tanga na kuisikia bendi ukumbini alirudi akisema kuwa redio inamficha kitu. Alisema kweli.

Ajabu ni kwamba umeme ulikuwa ukizalishwa mlangoni petu. Kituo cha Hale katika Mto Pangani, wilayani Korogwe, kilianza kazi mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21, lakini vijiji vingi vya wilaya hizi mbili viliendelea na betri kwa miaka mingi baadaye. Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007 nyaya zikaanza kutushukia kidogo kidogo, na nyuma ya nyaya zikaja sabufa.

Leo ukipita penye maduka Manundu, Korogwe, au Chanika, Handeni, unaziona zimepangwa mlangoni, taa zinawaka rangi tatu, kila moja ikijaribu kuizidi ya jirani kwa kelele. Anayesimama mbele yake ni mkulima aliyeuza mahindi, au mtumishi kama mimi aliyepata mkopo, ambaye utaratibu wa kazi unamtaka abakiwe angalau na theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Fedha hiyo ni ada ya mtoto, ni mbolea, ni bati za nyumba. Ndiyo maana nasema swali hili si la anasa. Mtu akiongeza laki tatu juu ya spika, ana haki ya kujua kama masikio yake yatazisikia hizo laki tatu.

HESABU YA WATI

Jambo la kwanza linalomvuta mnunuzi ni namba iliyoandikwa mbele ya boksi: wati 5,000, wati 10,000, na mbele yake herufi nne, PMPO. Vijana, nawaomba mfanye hivi. Ligeuzeni boksi, msome kibandiko kidogo kilicho karibu na waya wa umeme. Mara nyingi mtakuta kimeandikwa wati 40 au 60. Sasa, mwalimu wenu wa fizikia amewafundisha kuwa nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Kifaa kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa wati 10,000 mfululizo upande wa pili. Namba ya mbele imepatikana kwa kuhesabu kilele cha nukta ndogo ya sekunde, tena kwa njia ambayo kila mtengenezaji hujipangia mwenyewe. Kwa sababu ya udanganyifu wa aina hii, huko Marekani Tume ya Shirikisho ya Biashara ilitoa kanuni mwaka 1974 ya kuwalazimisha wauzaji wa amplifaya za nyumbani wataje wati zinazoweza kutolewa mfululizo. Wahenga wetu walikwisha kusema kwa ufupi zaidi: debe tupu haliachi kuvuma.

Hata wati za kweli si kipimo cha ubora. Spika ya kawaida ikipewa wati 1 tu hutoa desibeli 85 hadi 90 kwa msikilizaji aliye mita 1 mbele yake, na hiyo ni sauti kubwa kuliko mazungumzo. Ukiongeza nguvu mara mbili, kutoka wati 50 hadi 100, unapata desibeli 3 zaidi, tofauti ambayo sikio huitambua kidogo tu. Ili sikio liseme sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji kiasi cha desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Kwa hiyo anayelipa zaidi kwa sababu ya wati 100 badala ya wati 50 amelipia kitu kidogo sana.

Wenzetu wa vijiji vinavyotumia umeme wa jua wangefaidika zaidi kwa kuuliza swali jingine: kwa wati 1, spika hii inatoa desibeli ngapi? Spika inayotoa desibeli 90 inahitaji robo tu ya nguvu inayohitajiwa na ile ya desibeli 84 ili kufikia sauti ile ile. Robo ya nguvu maana yake betri inamaliza usiku wa harusi badala ya kuzimika saa tatu. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya maelezo, lakini ni nadra kuiona mbele ya boksi.

NGOMA KUBWA NA NGOMA NDOGO

Je, fedha haina kazi kabisa? Hapana, inayo, na ni lazima tuwe waadilifu. Kila mmoja wetu amewahi kusimama penye ngoma. Chapuo ni ndogo, na sauti yake ni nyembamba na kali. Vumi ni kubwa, na sauti yake unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Hakuna fundi atakayeifanya chapuo ilie kama vumi. Spika nayo ni vivyo hivyo. Ndani yake kuna koili ya waya iliyo katikati ya sumaku, na koili hiyo husukuma karatasi yenye umbo la faneli mbele na nyuma, na karatasi husukuma hewa. Umbo hilo tunalolijua lilielezwa na mainjinia wawili wa Marekani, Rice na Kellogg, mwaka 1925, na mpaka leo spika nyingi zinafuata mpango wao.

Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Wimbi lake hewani lina urefu wa mita 8 na zaidi. Ili kulisukuma wimbi hilo kwa nguvu inayofaa, unahitaji karatasi pana au inayokwenda mbali mbele na nyuma, sumaku nzito, na boksi lenye nafasi na lisilotetemeka lenyewe. Vitu hivyo vina uzito, na uzito una bei. Kutoka kwenye redio ya kiganja kwenda kwenye spika mbili za mbao nzito zenye uwezo wa kushuka mpaka hezi 50 hivi ni safari kubwa, na mtu yeyote ataisikia tofauti, hata asiyejali muziki. Hapo fedha imefanya kazi yake kihalali.

Baada ya hapo hatua zinafupika huku bei ikirefuka. Kushuka kutoka hezi 50 hadi 30 kunataka boksi kubwa zaidi na fedha nyingi zaidi, wakati nyimbo nyingi tunazosikiliza hazina kitu kikubwa huko chini. Upande wa juu ni hivyo hivyo. Sikio la kijana husikia mpaka karibu na hezi 20,000, lakini sisi wa miaka arobaini na kuendelea tumekwisha kupoteza sehemu ya juu, na wazee wetu zaidi. Mzee anayelipia spika inayojigamba kufika hezi 30,000 amewanunulia popo wa darini.

MASIKIO YANAPOONGOZWA NA MACHO

Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa ameketi humu, ameniambia hivi: "Ndugu yangu, wewe hujawahi kuishi na spika za gharama. Asiyekula pilau hawezi kuisifia." Hoja yake ni nzuri, na inastahili kujibiwa kwa ushahidi.

Mtaalamu Floyd Toole alifanya kazi kwa miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, na kazi yake ilikuwa kuwaweka watu wasikilize spika zilizofichwa nyuma ya pazia. Baadaye alihamia katika kampuni ya Harman ya Marekani, ambayo yenyewe hutengeneza spika. Huko, mwaka 1994, yeye na mwenzake Sean Olive walitoa matokeo ya jaribio moja lililo maarufu. Waliwachukua wasikilizaji 40 na spika za aina 4. Watu hao hao walisikiliza kwanza bila kuziona, kisha wakiziona. Walipoziona, alama walizozitoa zilibadilika. Spika kubwa zenye sura ya kifahari zilipanda, na mtambo mdogo wa bei nafuu ulishuka, ingawa pazia lilipokuwepo ulikuwa umesimama vizuri karibu na wakubwa wake. Tena, watu walipokuwa hawaoni, waliitambua tofauti spika ilipohamishwa mahali ndani ya chumba. Walipoona, tofauti hiyo iliwapotea, kwa sababu macho yalikwisha kuamua. Na hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya spika, si watu wa kupita njia.

Mwaka 2004 Olive aliendelea mbele zaidi. Alichukua spika 70, akazipima kwa mitambo, kisha akatafuta hesabu inayoweza kutabiri watu watapenda ipi. Hesabu yake ilitabiri vizuri. Ndani yake kulikuwa na mambo kama usawa wa sauti, yaani spika isiyopendelea masafa fulani na kuyaonea mengine, na besi, ambayo peke yake ilichukua karibu asilimia 30. Bei haikuwemo katika hesabu ile.

Kwa hiyo namjibu mwenzetu kwa heshima: inawezekana kabisa kuwa spika zako ni nzuri. Lakini ulizisikiliza ukiwa unajua bei yake. Pilau hiyo uliila huku ukiangalia sahani ya dhahabu.

CHUMBA NI NUSU YA SPIKA

Binamu yangu mmoja wa upande wa Sindeni aliuza mahindi, akanunua sabufa iliyompendeza sana dukani. Alipoifikisha nyumbani ikawa sauti inavuma kama mtu anayezungumza ndani ya pipa. Alikuwa tayari kuongeza fedha abadilishe apate kubwa zaidi. Nilikwenda kumtembelea, nikakuta ameiweka kwenye kona kabisa, sakafu ni saruji, kuta ni saruji, juu ni bati lisilo na dari, na chumbani hamna kitu ila viti viwili na meza. Tuliitoa kwenye kona, tukaisogeza mbele ya ukuta kiasi cha hatua moja. Spika ndogo mbili tulizipandisha juu ya matofali mpaka zikalingana na masikio ya mtu aliyekaa. Mke wake akaleta pazia zito na mkeka mkubwa, na mablanketi yakakunjwa kwenye kona ile. Hatukutumia hata shilingi mia. Jioni hiyo shemeji ndiye aliyesema kuwa sasa anayasikia maneno ya wimbo.

Sababu yake inafahamika. Sauti inayotoka kwenye spika hugonga ukuta, sakafu na bati, ikarudi na kuigonga ile inayofuata. Kona hukusanya besi na kuitia uvimbe. Chumba chenye urefu wa mita 4 kina tabia ya kuvimbisha masafa ya karibu na hezi 43, ukipenda usipende, na spika ya milioni haiwezi kukibembeleza kiache. Nguo, magodoro, mikeka, makapu na rafu zilizojaa vitabu hunyonya au kuitawanya sauti. Nyumba yenye watu na vitu vyao ina sauti nzuri kuliko nyumba tupu yenye spika za kifalme.

KINACHOINGIA NDICHO KITOKACHO

Spika haiwezi kutoa kisichokuwemo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sahani za santuri za wakati ule hazikuweza kubeba sauti za juu kupita hezi 5,000 au 6,000 hivi, wala besi ya chini sana. Ukizipiga leo kwenye spika za thamani ya gari, utasikia mikwaruzo kwa ufasaha mkubwa, na Siti atabaki pale pale. Uzuri wa sauti yake haukungoja mtambo. Vivyo hivyo wimbo uliopitishwa kutoka simu hii hadi simu ile, ukabanwa na kubanwa tena ili utoshe kwenye flashi, umekwisha kuvuliwa nguo njiani. Mwenye laki moja ya kuongeza angefanya vizuri kwanza kutafuta nakala nzuri ya nyimbo anazozipenda.

Neno moja juu ya nyaya, maana siku hizi wako wanaouza nyaya za spika kwa bei ya mbuzi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 wenye kwenda na kurudi mita 5 una ukinzani wa kama sehemu 1 ya 10 ya omu. Spika yenyewe ina omu 8. Waya wa kawaida wa fundi umeme unatosha nyumbani.

BASI FEDHA ITUMIKEJE?

Tuseme mtu ana shilingi 600,000 na hana deni. Mimi ningemshauri hivi. Asizitumie zote kwenye spika. Anunue spika mbili nzito zilizotengenezwa kwa mbao, zenye sauti iliyo sawa, kwa kiasi cha nusu au zaidi kidogo ya fedha hiyo, na nyingine aweke kwenye pazia, mkeka na dari. Aulize kama fundi wa Korogwe au Handeni anaweza kuzitengeneza zikiharibika. Atazame ukingo unaoizunguka karatasi ya spika: ukingo wa sponji huoza kwa joto na unyevu wetu baada ya miaka kadhaa, na ule wa mpira hudumu zaidi. Kulipa zaidi kwa ajili ya kudumu ni busara. Kulipa zaidi kwa ajili ya taa zinazowakawaka ni sadaka kwa mwenye duka.

Pia masikio yenyewe ni mali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwa desibeli 89 unabaki na saa 5 tu kwa juma zima. Sikio lililoharibika halina fundi, wala spika ya kulirudishia kilichopotea.

JARIBIO LA PAZIA

Ninyi wanafunzi, nisingependa mniamini kwa sababu nimevaa tai. Fanyeni jaribio wenyewe na mwalimu wenu wa fizikia. Azimeni spika za aina tatu, za bei tofauti. Tandazeni shuka nyepesi mbele yake ili pasiwe na anayeziona. Chagueni vitu vitatu vya kusikiliza: mwanamke anayesoma habari, wimbo wenye gitaa la besi mnaoujua vizuri, na ngoma. Jambo la muhimu kuliko yote ni kusawazisha ukubwa wa sauti, kwa sababu sikio huchagua kilicho kikubwa na kudhani ni kilicho kizuri. Wauzaji wanalijua hilo. Ile wanayotaka kuiuza ndiyo wanayoifungua zaidi. Mtu mmoja abadilishe spika kwa kurusha shilingi, wengine waandike alama bila kuzungumza. Kisha ondoeni shuka, mrudie yote, mlinganishe karatasi mbili. Matokeo mtakayoyapata yatakuwa yenu, na ningefurahi kuyasoma katika gazeti letu la mwakani, hata kama yatanipinga.

BWALO LETU

Sasa narudi kwenye pendekezo. Wote tunajua bwaloni maneno ya Mkuu wa Shule yanafika nyuma kama uji. Dawa inayopendekezwa ni spika kubwa zaidi. Nasikitika kusema kuwa spika kubwa zaidi zitatupatia uji mwingi zaidi. Ukiongeza sauti, mwangwi nao unaongezeka kwa kiasi kile kile, na neno linabaki limefunikwa na lililotangulia.

Mwaka 1895 katika Chuo Kikuu cha Harvard palikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo mhadhiri hakueleweka. Kijana mmoja mwalimu wa fizikia, Wallace Sabine, aliombwa atafute dawa. Alikuta sauti ikiendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde 5 baada ya kukatwa. Usiku, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakaitandaza, wakapima kwa saa, na kabla ya asubuhi wakairudisha. Kwa mito ya kutosha, sekunde 5 zilishuka mpaka kama 1. Kutokana na kazi hiyo ya usiku alipata kanuni ya mwangwi ambayo bado inafundishwa. Ona kwamba hakununua kipaza sauti. Vipaza sauti vya ukumbini vilikuwa bado kuwepo.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta mbele ya mkutano mapendekezo matatu. Kwanza, sehemu ya kwanza ya mchango ifunge dari ya mbao laini na mapazia mazito katika ukuta wa nyuma. Pili, badala ya spika mbili kubwa jukwaani, tununue spika ndogo nne za bei ya kati, zifungwe kando ya kuta karibu na wasikilizaji, na zifunguliwe kwa sauti ya chini. Tatu, kitakachobaki kipelekwe maabara ya fizikia, ambako wanafunzi wa leo wanapima mawimbi kwa vifaa ambavyo sisi tuliviacha vikiwa vimechoka.

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyeketi benchi la mwisho hajui bei ya spika, wala haimhusu. Anataka kusikia jina lake likitajwa, na kusikia tangazo la mtihani ni siku gani. Tukimpa hilo, fedha yetu imenunua sauti.